Maswali ya wasomaji: Mtoto kalazwa, kapimwa virusi. Karatasi inasema nini?

Barua za toleo hili zimetoka Malindi, Lamu na visiwa vyake, na karibu zote zinauliza kuhusu kipimo cha virusi cha mtoto aliyelazwa. Majibu yameandikwa na watu wa maabara na wa wodi ya watoto. Ikiwa mtoto wako anahema mbio sasa hivi, hanyonyi au haamki vizuri, liweke gazeti chini umwahishe hospitali.

Assalaam alaykum. Mwanangu wa miezi minne alilazwa kwa kubanwa na kifua. Akaingizwa kijiti puani mpaka machozi yakamtoka, na majibu yakaja kwamba ana virusi vya RSV. Nikangoja dawa ya virusi, sikuiona. Alipewa oksijeni na maziwa kwa mpira tu. Kipimo kilikuwa cha nini basi? — Mama mzazi, Muyeye, Malindi

Wa alaykum salaam, mama. Hukunyimwa kitu. Hakuna dawa ya kuua RSV ambayo hupewa watoto kwa kawaida wodini. RSV huvimbisha vijia vyembamba kabisa vya hewa na kuvijaza ute, na mtoto wa miezi minne vijia vyake ni vyembamba tangu hapo. Kinachomvusha ni hicho ulichokiona: oksijeni pale kipimo cha kidoleni kinaposhuka chini ya asilimia 90, na maziwa kwa mpira kwa sababu mtoto anayehema mbio akinyonya hupaliwa. Baada ya siku kadhaa mwili wake wenyewe huvishinda virusi.

Kipimo kinaamua zaidi mtoto alale wapi. RSV husafiri kwa mikono na kwa kamasi, na hukaa saa kadhaa juu ya vyuma vya kitanda. Mtoto mwenye RSV asilazwe ubavuni mwa njiti wala mwenye tundu la moyo, kwani kwa hao ugonjwa huu huua. Pia kinamsaidia daktari kutofautisha RSV na influenza, ambayo ina dawa yake, oseltamivir, inayofaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu ugonjwa uanze. Na kinampa sababu ya kufikiria kusimamisha antibiotiki mtoto anapopata nafuu, ingawa mtoto aliye mahututi haondolewi antibiotiki kwa karatasi hiyo peke yake, maana bakteria huweza kuingia juu ya virusi.

Katika pwani yetu RSV ina msimu, mara nyingi kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi miezi ya kwanza ya mwaka unaofuata. Utafiti uliofanywa majumbani huko Kilifi ulionyesha kwamba wanaoileta nyumbani mara nyingi ni ndugu wakubwa, hasa wanaokwenda shule. Kaka mtu akirudi na mafua, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba mdogo wake, na asimbusu usoni.

Sampuli zetu za puani zinarudi na neno "imekataliwa" au "batili". Tunatumia vifaa tulivyoletewa. Tunakosea wapi? — Muuguzi, Lamu Mashariki

Ndugu muuguzi, anza kwa kuyatenganisha maneno hayo mawili. "Imekataliwa" maana yake haikupimwa kabisa: chupa imevuja, jina halilingani na la fomu, boksi limefika la moto, au kijiti si cha kazi hiyo. "Batili" maana yake imepimwa lakini kipimo hakikuthibitika. Vipimo vingi vya PCR, yaani vile vinavyonakili jeni mpaka ionekane, hutafuta kirusi na, pamoja nacho, jeni ya binadamu ambayo lazima ipatikane ikiwa kijiti kiligusa utando wa pua. Jeni hiyo isipoonekana, ama kijiti hakikufika, ama kuna kitu kwenye sampuli kinazuia kipimo. Maabara haiwezi kuandika "hana", kwa sababu haijui.

Tazama kijiti kwanza. Kiwe na ncha ya nailoni au poliesta na mpini wa plastiki. Kile cha mti chenye pamba, kinachotumika kusafishia vidonda, kina vitu vinavyoizuia PCR. Kisha tazama chupa ya kimiminika cha kusafirishia, yaani VTM. Nyingi zina mililita 2 hadi 3 na rangi ya waridi. Ikigeuka manjano au ikiwa na ukungu, imeshaharibika, itupe hata kama tarehe yake haijapita. Usiongeze kitu ndani, maana kila tone linaifanya sampuli kuwa nyepesi zaidi.

Mtoto apakatwe, mgongo wake kifuani pa mama, mikono imefungwa kwa kanga, kichwa kimeegemezwa nyuma kidogo. Futa kamasi za nje. Weka kijiti ubavuni mwa uso, upime kutoka tundu la pua hadi sikio: nusu ya urefu huo ndiyo kina chako. Sasa ingiza sambamba na sakafu ya pua, kuelekea sikio. Wengi hukosea hapa hapa. Hukielekeza juu kufuata umbo la pua, kikakwama kwenye nyama za ndani, damu ikatoka, na walichopata ni kamasi za mlangoni tu. Ukigonga kizuizi usilazimishe. Toa, jaribu tundu la pili. Kikifika, kiache sekunde chache kilowe, kizungushe taratibu, kisha kitoe huku bado kinazunguka. Kitumbukize kwenye VTM papo hapo, vunja mpini kwenye alama, na ukaze kifuniko. Kifuniko kisipokaa sawa ni kwa sababu mpini umebaki mrefu, na hiyo ndiyo chupa itakayovuja botini.

Halafu baridi. Sampuli hukaa nyuzi 2 hadi 8 kwa muda usiozidi saa 72. Zaidi ya hapo inahitaji friza ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Friza ya kawaida ya nyuzi 20 chini ya sifuri siyo mbadala, kwani kugandishwa polepole na kuyeyuka tena hukivunja kirusi. Pakiti za barafu nazo zisitoke kwenye friza moja kwa moja kuingia boksini. Ziache nje hadi zitoe jasho na usikie maji ndani ukizitikisa, kama mnavyofanya kwa chanjo.

Kwa hiyo piga hesabu kuanzia safari. Kama gari la sampuli linaondoka Mokowe Jumatatu asubuhi, iliyochukuliwa Ijumaa asubuhi imekwisha muda wake kabla haijagusa barabara. Ikiwa ugonjwa una siku mbili tatu tu, kuchukua Jumapili jioni ni bora, kwani RSV kwa mtoto mchanga hukaa puani wiki nzima na pengine zaidi. Ikiwa ugonjwa una siku nyingi, chukua leo utafute boti la leo.

Jambo la mwisho ni majina. Wodi moja ya kwetu inaweza kuwa na akina Mohamed Ali wawili na Fatuma Omar watatu. Andika majina matatu, nambari ya hospitali, tarehe na saa, kwenye mwili wa chupa na si kwenye kifuniko, kwa wino usiofutika kwa maji ya barafu. Fomu iwe na mfuko wake peke yake. Chupa ikivuja juu ya fomu mnapoteza vyote viwili.

Mjukuu wangu ana kilo sita. Wametoa damu vichupa vitatu kwa siku moja. Si watamwishia? — Bibi, Mambrui

Shikamoo bibi. Mtoto ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo, hivyo mjukuu wako ana kama 480. Kwa siku moja watu wa wodi hujizuia wasifike hata asilimia 5, na kwa mgonjwa ni vyema wasipite 3, yaani kama mililita 14, chini kidogo ya vijiko vitatu vya chai. Vichupa vya watoto ni vidogo: chenye kofia ya zambarau huchukua nusu mililita hadi 1, na ile chupa ya kuotesha bakteria kati ya 1 na 3. Vichupa ni vingi kwa sababu dawa iliyomo kila kimoja ni tofauti. Kwa mfano, damu ya PCR haiwekwi kwenye kofia ya kijani, kwani heparini iliyomo humzuia mpimaji asipate jibu.

Wakirudi mara ya pili kwa kipimo kile kile, uliza sababu. Mara nyingi damu imeganda kwa kuwa kichupa hakikupinduliwa taratibu mara kadhaa baada ya kujazwa. Na kama damu ni ya utafiti, lazima mzazi aelezwe mbali na matibabu na aweke sahihi. Akikataa, matibabu hayabadiliki.

Mtoto wangu wa miaka 6 alishikwa na homa Jumamosi. Jumapili wakampima malaria, hana. Wakampima dengue kingamwili, hana. Alhamisi tukalazwa, wakapima tena dengue, anayo. Nani kakosea? — Baba, Langoni, Lamu

Inawezekana hakuna aliyekosea kusoma, ila kipimo cha Jumapili kilichaguliwa vibaya kwa siku ile. Hesabu siku ya kwanza ya homa kuwa ni ya 1. Jumapili ilikuwa siku ya 2, Alhamisi siku ya 6. Mwanzoni damu ina kirusi chenyewe na protini yake iitwayo NS1, ambayo huonekana tangu siku ya 1 hadi karibu ya 5 au ya 7. Kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya kirusi, huja baadaye: zile za IgM, za maambukizi mapya, huanza kuonekana karibu na siku ya 4 au ya 5. Kumpima mtoto kingamwili siku ya 2 ni kukitafuta kitu ambacho mwili haujakitengeneza bado. Kifaa cha haraka cha dengue mara nyingi kina vibao viwili, kimoja cha NS1 na kimoja cha kingamwili. Siku za mwanzo kinachotakiwa ni kile cha NS1, au PCR mahali inapopatikana. NS1 ikitoka "hana" bado haimalizi maneno, hasa kwa mtoto aliyewahi kupata dengue zamani, kwani kwake hutoweka mapema.

Na ubaya wa upande wa pili: IgM hukaa miezi miwili mitatu. Mtoto aliyepata dengue kimya kimya Januari anaweza kuonyesha mstari wa IgM mwezi Machi huku kinachomlaza Machi ni kitu kingine. Ndiyo maana mstari mmoja wa IgM huitwa "huenda". Uhakika unatoka kwa NS1, kwa PCR, au kwa damu mbili, moja sasa na nyingine baada ya siku 10 hadi 14, zikionyesha kingamwili zimepanda mara nne. Malaria nayo ina mtego wa namna hiyo: kile kifaa cha haraka huweza kubaki na mstari wiki kadhaa baada ya mtoto kupona.

Watu wa pwani wana haki ya kuyajua haya kwa undani. Mlipuko wa kwanza wa dengue kuripotiwa Kenya ulikuwa huku kwetu, Malindi na Kilifi, mwaka 1982. Mwaka 2004 chikungunya iliishika Lamu, ikakadiriwa kwamba watu 13,500 waliugua, kama robo tatu ya wakazi. Homa, maumivu ya viungo na upele vinafanana, lakini kipimo cha dengue hakioni chikungunya. Ombeni vyote viwili.

Muhimu kuliko karatasi ni siku homa inaposhuka, kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 7. Wazazi hufurahi na kuomba ruhusa ya kurudi nyumbani, na ndio wakati mishipa huanza kuvujisha maji. Maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, ufizi kutoa damu, mikono baridi, kulegea: mojawapo ikionekana, mwite muuguzi usingojee raundi ya asubuhi. Siku hizo kipimo kinachomlinda mtoto ni hesabu ya damu kila siku, kuona chembe za kugandisha damu zinavyoshuka na damu inavyozidi kuwa nzito. Homa itulizwe kwa parasetamoli tu. Ibuprofeni, aspirini na ile sindano ya diklofenaki wanayopenda kuchoma madukani huongeza hatari ya kuvuja damu.

Nyumbani funika mitungi na matangi. Wazee wa Lamu waliokuwa wakifuga samaki wadogo birikani ili wale viluwiluwi vya mbu walijua walifanyalo, na mbu wa dengue na wa chikungunya ni huyo huyo wa maji safi ya ndani.

Mimi natumia dawa za ARV. Mwanangu wa miezi mitatu kalazwa kwa nimonia. Mbona hawakumpima kwa kile kifaa cha dakika chache nilichopimwa mimi, wakamtoboa kisigino na kudondosha damu kwenye karatasi? — Mama, Mpeketoni

Dada, kile kifaa chako hutafuta kingamwili, na mwanao anazo zako. Zilivuka kwenye kondo la nyuma kabla hajazaliwa na zinaweza kubaki hadi miezi 18. Kingesema "anazo" hata kama mtoto hana kirusi. Kwake inatafutwa jeni ya kirusi chenyewe kwa PCR. Ratiba ya Kenya ni wiki 6, miezi 6 na miezi 12, kisha kingamwili akifika miezi 18. Kulazwa kwa nimonia ni sababu ya kupima hata kama zamu yake haijafika.

Karatasi ile ina duara tano. Kisigino hupashwa joto kwanza, hutobolewa pembeni na si katikati karibu na mfupa, na tone la kwanza hufutwa kwa sababu limechanganyika na maji ya mwilini. Kila duara lijazwe kwa tone moja kubwa lililopenya hadi nyuma. Matone madogo yakirundikwa moja juu ya jingine, kadi inakataliwa. Hukaushwa ikiwa imelala, mbali na jua, bila kupulizwa, kwa saa tatu hadi nne angalau. Kwa unyevu wa pwani ni heri ilale usiku mzima. Kisha huingia mfukoni na vipakiti vya kunyonya unyevu na kikadi cha bluu. Kikadi kikigeuka waridi, unyevu umeingia, na vipakiti vibadilishwe. Kadi hiyo haihitaji barafu.

Jibu likiwa "anacho", mtoto huanzishwa dawa siku hiyo hiyo na damu ya pili huchukuliwa ya kuthibitisha. Dawa haingojei jibu la pili. Likiwa "hana", limesema habari za hadi wiki chache kabla ya leo, nawe bado unanyonyesha. Endelea kumeza dawa zako bila kuruka, endelea kumnyonyesha, na zamu zijazo msizikose.

Mtoto wa mwaka mmoja ana nimonia kali. PCR ya virusi vingi imeonyesha rinovirusi Ct 36 na adenovirusi Ct 34. Tusimamishe antibiotiki? — Mwanafunzi wa tiba, Malindi

Hapana. PCR hunakili jeni mara mbili kwa kila mzunguko, na Ct ni mzunguko ambao mashine ilianza kuiona. Namba kubwa ni jeni kidogo: kati ya Ct 20 na Ct 36 kuna tofauti ya mara 65,000 hivi. Ct 36 puani inaweza kuwa mabaki ya mafua ya wiki iliyopita, kwani rinovirusi na adenovirusi huacha jeni zao puani muda mrefu baada ya mtoto kupona. Inaweza pia kuwa ugonjwa unaoanza, au kijiti ambacho hakikufika ndani. Ct ya puani haina kipimo cha ujazo nyuma yake na haifanani mashine hadi mashine, basi usiifanye kama wingi wa virusi kwenye damu.

Utafiti wa PERCH, uliochapishwa mwaka 2019 na ambao Kilifi ilikuwa mojawapo ya vituo vyake, uliwalinganisha watoto waliolazwa kwa nimonia kali na watoto wazima wa maeneo yale yale. Watoto wazima nao walikutwa na virusi, rinovirusi hasa. RSV ndiyo iliyojitokeza wazi kuwa chanzo kikubwa kuliko vyote kwa walioumwa. Kwa hiyo RSV au influenza kwa mtoto aliyelazwa ina uzito. Rinovirusi ya Ct 36 haina uzito wa kusimamisha penisilini. Hesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia (kwa umri huu 40 na zaidi ni mbio), tazama oksijeni, tazama kama ananywa. Na uliza sampuli ilichukuliwa siku ya ngapi ya ugonjwa. Swali hilo husahaulika, na mara nyingi fomu imeachwa wazi mahali pake.

Mtoto wa miaka 3 kijijini kwetu mguu umelegea ghafla. Hospitali wanataka choo mara mbili. Kimoja hakitoshi? — Mhudumu wa afya ya jamii, Marereni

Hakitoshi, kwa sababu virusi vya polio hutoka chooni siku hii na kukosekana siku ifuatayo. Kila mtoto chini ya miaka 15 anayelegea kiungo ghafla huchukuliwa sampuli mbili zilizopishana saa 24 hadi 48, zote ndani ya siku 14 tangu kulegea kuanze, hata kama amechanjwa na hata kama daktari anashuku ugonjwa mwingine. Kiasi ni kama ncha ya kidole gumba cha mtu mzima, kwenye chupa safi yenye kifuniko cha kuzungusha, bila mkojo wala dawa yoyote ndani. Ikae nyuzi 4 hadi 8 mpaka ifike maabara ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, Nairobi. Kama ya kwanza imechukuliwa Jumatatu saa nne asubuhi, ya pili isichukuliwe kabla ya Jumanne saa nne. Muachie mama chupa mkononi na umwonyeshe jinsi ya kuchota kwenye nepi, maana mtoto hangojei muuguzi afike.